Anayejaza Taarifa Anapata Nini?

Kati ya mwaka 2009 na 2011 yalifanyika Tanzania majaribio mawili ambayo kwa kuyatazama tu ungesema ni ndugu. Yote mawili yalitumia simu ya kawaida ya vitufe. Yote mawili yaliomba ujumbe mfupi kutoka vijijini, na yote mawili yalitaka uongozi wa wilaya uamue mambo ukiwa unajua hali ilivyo. Jaribio moja lilitarajia meseji 3,000 likapata 53. Jingine lilijibiwa kwa wastani wa asilimia 95, wiki baada ya wiki, mpaka lilipomalizika.

La kwanza liliitwa Maji Matone, na liliendeshwa na shirika la Daraja lililokuwa na makao Njombe. Mwananchi akikuta bomba halitoi maji alitakiwa atume meseji. Meseji ingefika kwa mhandisi wa maji wa wilaya, na vyombo vya habari vingefuatilia kuona kama mhandisi amechukua hatua. Baada ya majaribio ya miezi sita Daraja walihesabu walichopata, wakatangaza hadharani kwamba mradi umeshindwa, na mwaka 2011 wakaufunga. Nawaheshimu kwa hilo, kwa sababu miradi mingi hufa kimya na somo lake huzikwa nayo.

La pili liliitwa SMS for Life. Wizara ya Afya ilishirikiana na Roll Back Malaria na kampuni za Novartis, IBM na Vodafone. Lilifanyika Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, katika vituo vya tiba 129, kwa wiki 21. Kila wiki mhudumu wa kituo aliulizwa kwa simu amebakiwa na dawa mseto ya malaria kiasi gani, na kwinini ya sindano kiasi gani. Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21 ilikuwa asilimia 26.

Tofauti hiyo inahitaji maelezo, na maelezo yake yanahusu sana mahali kama Kintinku.

Kintinku ni kata ya Wilaya ya Manyoni mkoani Singida. Iko kando ya Reli ya Kati, kwenye bonde tambarare linaloshuka kuelekea Bahi, katika nchi ya Wagogo, watu wa kilimo na mifugo wanaoishi na mvua chache na kiangazi kirefu. Hapo upo mradi wa maji wa Kintinku–Lusilile, uliobuniwa kuhudumia vijiji 11. Tukisikia mradi wa maji tunafikiria visima, pampu, tangi na mabomba. Lakini mradi wa vijiji 11 ni vikao pia. Ndoo iuzwe kwa bei gani? Fundi ni mmoja na mabomba yaliyopasuka ni matatu, aanzie wapi? Fedha ya mfuko inunue mota ya akiba au ilipe deni la umeme? Ng'ombe wanyweshwe kwenye mbauti siku zote au wakati wa kiangazi wapangiwe zamu? Watu wanaopaswa kuamua mambo haya hawaonani kila siku, na kila mmoja anajua kipande chake tu. Tangu Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulipoundwa mwaka 2019, uendeshaji wa miradi ya namna hii uko mikononi mwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo wananchi wengi bado huviita jumuiya za watumia maji. Jumuiya hizo zinaombwa taarifa, na taarifa siku hizi inaombwa kwa mfumo.

Utafiti wa mifumo inayosaidia watu kufanya kazi pamoja una umri wa kutosha kutufundisha kitu. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Irene Greif na Paul Cashman, waliupa uwanja huo jina na kuwakutanisha wahandisi wa kompyuta na wanasayansi wa jamii. Miaka minne baadaye Jonathan Grudin aliandika makala ambayo naiona bado ndiyo bora kuliko zote katika uwanja huo. Aliuliza kwa nini programu za kazi za pamoja hushindwa hata zikiwa zimetengenezwa vizuri. Mfano wake mmojawapo ulikuwa kalenda ya ofisi. Meneja akitaka kuitisha kikao, programu inakagua ratiba za watu wote na kumwonyesha saa ambayo kila mtu yuko huru. Ni nafuu kubwa kwa meneja na katibu muhtasi wake. Ila ili wapate nafuu hiyo, kila mfanyakazi lazima aandike ratiba yake kila siku, bila kukosa, na yeye mwenyewe hapati chochote cha ziada. Wafanyakazi wengi hawakuandika. Kalenda zikabaki tupu, na programu ikaachwa. Grudin alionyesha kwamba kazi imewekwa upande mmoja na faida upande mwingine, na kwamba wanaonunua mfumo hawalioni hilo kwa kuwa wao wako upande wa faida.

Rudi sasa kwenye meseji 53. Nani huchota maji kijijini? Wanawake na watoto. Simu ya nyumbani mara nyingi iko kwa mwanamume, ambaye huenda hata hajapita kisimani wiki hiyo. Mtandao ni wa kubahatisha. Zaidi ya hayo, kutuma meseji kulikuwa sawa na kumshitaki mtumishi wa serikali ambaye kesho kijiji kitamhitaji, na mtumaji hakuwa na sababu ya kuamini kwamba bomba litatengenezwa kwa sababu yake. Maji yakirudi, kijiji kizima kinachota. Usumbufu na hofu vinabaki kwa aliyetuma. Kwa hesabu hiyo, hata hizo 53 ni nyingi.

Kwenye zahanati za Lindi hesabu ilikuwa tofauti. Mhudumu hakusubiriwa aanze mwenyewe, maana swali lilimfuata mkononi. Kujibu hakukumgharimu, na aliyejibu kwa wakati aliongezewa salio. Wapo wanaosema kumlipa mtu kwa kutoa taarifa ni kumdekeza. Sikubaliani nao. Taarifa ni kazi, na salio lile lilikuwa ujira mdogo wa kazi halali. Lakini salio peke yake halielezi asilimia 95. Mhudumu yule ndiye anayekabiliana uso kwa uso na mama aliyebeba mtoto mwenye homa, na dawa hamna. Jibu lake likifika wilayani, wilaya ilikuwa na uwezo wa kutenda siku zilizofuata: kuchukua dawa kituo chenye ziada na kuipeleka kilichoishiwa. Lindi Vijijini tatizo la kuishiwa dawa hizo lilimalizwa kufikia wiki ya nane. Aliyejaza taarifa ndiye aliyepokea dawa.

Hapa pana jambo ambalo wabunifu wa mifumo ya maji hulipita haraka mno. Dawa inahamishika, kisima hakihamishiki. Ukigundua kwamba Lusilile kuna maji ya kutosha na kijiji kingine hakina, huwezi kupakia kisima kwenye pikipiki. Taarifa ya maji inahitaji kukutana na vitu vitatu ambavyo simu haivileti: kipuri, fundi na idhini ya kutumia fedha. Visipokuwepo, kadiri taarifa inavyokuwa sahihi na ya haraka ndivyo mtoa taarifa anavyokata tamaa mapema, maana sasa ana hakika kwamba wamejua na hawajafanya kitu.

Kintinku yenyewe ina kielelezo cha zamani cha chombo kilichogawa kazi na faida sawasawa. Reli ya Kati ilijengwa enzi za Wajerumani ikafika Kigoma mwaka 1914, na ni njia moja: treni mbili zinazokutana haziwezi kupishana ila stesheni. Ndiyo maana stesheni masta hamruhusu dereva kuondoka mpaka mwenzake wa stesheni ya mbele athibitishe kwamba njia iko wazi. Mawasiliano hayo ya telegrafu, na baadaye simu ya mdomo, yalikuwa mfumo wa kuamua pamoja kwa watu wawili wasioonana. Hakuna aliyelazimika kumhimiza stesheni masta ajaze taarifa, kwa kuwa yule anayeuliza sasa ndiye atakayeulizwa baada ya saa mbili, na kosa la mmoja ni maafa ya wote.

Mfumo wa ramani za vituo vya maji haukujengwa hivyo. Katika awamu ya kwanza ya Programu ya Maendeleo ya Sekta ya Maji, kati ya 2007 na 2014, Wizara ya Maji iliwatuma watu vijiji vyote vya nchi kuandika kila kituo cha umma cha kuchotea maji: kiko wapi, kinatoa maji au hakitoi, kilijengwa lini, nani anakisimamia, wananchi wanalipaje. Ilikuwa kazi kubwa ya kujivunia. Jeroen Verplanke na Yola Georgiadou, watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente cha Uholanzi, waliandika mwaka 2017 kwamba Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kujaribu kuchora vituo vyote vya vijijini bila kubakiza. Lakini walionyesha pia kwamba daftari la vituo hivyo lilijaa makosa ya aina nyingi, na kwamba kulijenga kuligeuka kuwa lengo lenyewe, wakati lilikusudiwa kuwa mwanzo wa ufuatiliaji wa kila siku.

Sehemu ya daftari hilo, vituo 59,400, ilitolewa kwa shindano la mtandaoni la wataalamu wa takwimu, ambao waliombwa kubashiri kituo kipi ni kizima na kipi ni kibovu. Ukiifungua sehemu hiyo unakuta asilimia 54 ya vituo vilikuwa vinafanya kazi, asilimia 7 vinafanya kazi ila vinahitaji matengenezo, na asilimia 38 havifanyi kazi. Unakuta pia kwamba katika vituo zaidi ya 20,000, mahali pa mwaka wa ujenzi pameandikwa sifuri. Kuna safu inayosema kama maji ni matamu au ya chumvi, na nyingine inayosema kama ni ya kutosha, ni ya msimu, au kituo kimekauka. Kwa bonde kama la Kintinku safu hizo mbili zina uzito kuliko zote. Lakini mwandishi wa takwimu aliyefika kijijini mwezi Machi na aliyefika Oktoba wangejaza majibu tofauti kwa kisima kilekile, na wote wawili wangekuwa wakweli. Mwenye kulijua jibu la mwaka mzima ni mama anayechota pale. Shindano liliwavuta maelfu ya watu duniani, wenye akili nyingi na nia njema, wakanoa hesabu zao juu ya visima vya Tanzania. Mimi sioni kosa kwa wao kujifunza. Kinachonisumbua ni kwamba njia ya taarifa ilikuwa pana sana kutoka kijijini kwenda duniani, na nyembamba mno kurudi.

Mfano unaonipa matumaini uko Zanzibar. Kuanzia mwaka 2005 Wizara ya Afya ya huko, ikishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo, iliingiza DHIS, programu ya kompyuta ya takwimu za afya na mama wa mfumo ambao leo unapokea taarifa za huduma (MTUHA) kutoka vituo vya afya Tanzania Bara nzima. Tatizo lilikuwa la kawaida: mameneja hawakuziamini takwimu zao wenyewe, na kila mpango wa kudhibiti ugonjwa ulikuwa na fomu zake. Wangeweza kuongeza usimamizi au vitisho. Badala yake waliweka warsha ya kila robo mwaka. Timu ya afya ya kila wilaya ilisimama mbele ya wenzake wa wilaya nyingine, ikaonyesha takwimu zake kutoka kwenye programu ile, na wenzake wakazichambua. Jørn Braa, Arthur Heywood na Sundeep Sahay walieleza jambo hilo mwaka 2012 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, wakaonyesha kwamba ubora wa takwimu ulipanda, matumizi yake wilayani yakaongezeka, na fomu zenyewe zikarekebishwa.

Inafaa kufikiri polepole kwa nini hilo lilifanya kazi. Tuseme wilaya inaonyesha kwamba imechanja watoto asilimia 120. Mkaguzi kutoka makao makuu angeandika barua. Jirani yako, anayefanya kazi ileile katika mazingira yaleyale, anakuuliza hapohapo: watoto hao wa ziada wametoka wapi? Mmehesabu na wanaotoka kwetu? Swali hilo halikwepeki na halidhalilishi, kwa sababu zamu yake inakuja. Na wewe unarudi nyumbani na kitu: umeona jinsi mwenzako alivyopunguza wajawazito wanaokosa kliniki, na umejua safu gani kwenye fomu haina maana kwa yeyote. Kile ambacho Grudin alikiona kimetengana, kazi na faida, warsha ilikirudisha kwa mtu mmoja. Programu ya kompyuta ilikuwa muhimu, maana bila hiyo takwimu zisingewekwa sambamba. Lakini kilichobadilisha tabia ni kile kikao.

Kwa hiyo kikao chenyewe kinahitaji kuchunguzwa, na hapa utafiti mwingine unasaidia. Mwaka 1985 Garold Stasser na William Titus waliwapa wanafunzi wa chuo jukumu la kuchagua kiongozi bora kati ya wagombea watatu. Katika baadhi ya makundi kila mjumbe alipewa taarifa zote. Katika mengine taarifa zilizomfanya mgombea bora awe bora ziligawanywa, kila mjumbe akiwa na chache ambazo wengine hawana. Makundi ya kwanza yalimchagua mgombea bora zaidi ya robo tatu ya nyakati. Makundi ya pili hayakufika hata robo, ingawa kwa pamoja yalikuwa na taarifa zilezile. Watu waliketi wakazungumza yale ambayo wote tayari wanayajua.

Kikao cha maji kiko hatarini hivyohivyo. Wote wanajua maji hayatoki, na hilo ndilo litakalojadiliwa saa nzima. Mhasibu peke yake anajua kwamba makusanyo ya kilula fulani yamepungua kwa miezi miwili. Fundi peke yake anajua kwamba pampu inapata joto mchana. Mama peke yake anajua kwamba foleni imehamia alfajiri, na mfugaji peke yake anajua ng'ombe wa vijiji jirani wameanza kuletwa hapo. Vipande hivyo vinne vikiwekwa pamoja vinaeleza tatizo na dawa yake. Vikibaki vifuani, kikao kitaamua kuandika barua wilayani. Miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Arizona kilitengeneza vyumba vya mikutano ambako kila mjumbe aliandika kwenye kompyuta yake wakati mmoja na wenzake, bila jina, kabla ya mazungumzo kuanza, ili sauti ya mkubwa isiwafunge mdomo wengine. Kintinku haihitaji chumba hicho. Inahitaji utaratibu wake: kila mmoja atoe anachokijua yeye, kiandikwe, ndipo mwenyekiti azungumze. Najua hili ni gumu pale mtendaji anapokaa mbele na wanawake nyuma, lakini hakuna programu itakayolifanya kwa niaba yetu.

Chombo kinachotumika zaidi kwa sasa ni kundi la WhatsApp, na kinastahili haki yake. Ni rahisi, watu wanakijua, picha ya bomba lililopasuka inamfikia fundi papo hapo. Upungufu wake ni kumbukumbu. Uamuzi wa Jumanne unazama chini ya salamu za Jumatano, na mwezi ukiisha hakuna awezaye kusema nani aliahidi nini. Pia makundi ya kiserikali huelekea kutiririka upande mmoja: agizo linashuka, taarifa inapanda. Na asiye na simu janja, ambaye mara nyingi ndiye mchotaji, hayumo kabisa.

Chombo chochote hudai mafunzo, na kuhusu hayo nitasema kwa ufupi. Baada ya Sensa ya 2022 vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa kwa walimu, na mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, unatumia masomo ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania pamoja na jumuiya za ujifunzaji ambamo walimu hukaa shuleni kwao na kujadili somo gumu. Muundo huo ni sahihi kwa sababu ileile ya Zanzibar. Jumuiya za maji nazo zingefaidika nao zaidi kuliko semina ya siku mbili mjini, ambako mhasibu wa kujitolea anafundishwa kubofya kisha anaachwa. Akihama, ujuzi unahama naye.

Tukiyaweka haya mezani kwa mradi wa vijiji 11, hatua ya kwanza haihitaji kununua kitu. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu, muda uleule wa warsha za Zanzibar. Kabla ya mikutano hiyo, wajumbe wa vijiji 11 wangeweza kukutana siku moja Kintinku, kila kijiji kikaonyesha takwimu tano tu: siku ambazo maji hayakutoka, makusanyo, matumizi, muda kutoka bomba kuharibika hadi kutengenezwa, na muda wa foleni kiangazi. Wenzao wakawauliza. Bando la kutuma taarifa lilipwe na mfuko, na fundi awe na kiwango cha fedha anachoruhusiwa kutumia kwa kipuri kidogo bila kusubiri saini tatu.

Kisha taarifa ya mwezi inapotumwa Manyoni, nakala yake ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kila kijiji ikiwa na safu tatu. Ya kwanza ionyeshe kijiji kiko wapi, ya pili majirani wako wapi, ya tatu wilaya imejibu nini na tarehe gani. Safu ya tatu ikikaa tupu miezi mitatu mfululizo, mkutano mkuu utakuwa na swali mahususi la kuuliza, na mhandisi naye atakuwa na karatasi ya kumwonyesha anayempangia bajeti.